Nilivyoisingizia Oili

Mliosoma Jumamosi iliyopita mnanijua sasa. Mimi ni Jairo, fundi wa magari hapa Tunduma, miaka hamsini na mbili, darasa la tano sikumaliza. Mnajua pia nilichofanya.

Kwa ambaye hakusoma, nitasema kwa kifupi. Nilinunua pikapu kuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Siku ya tatu injini ikaanza kugonga. Beringi za konrodi, zile zinazoushika mkono wa pistoni, zilikuwa zimekwisha. Nilitakiwa kuifungua injini nibadilishe beringi. Sikuifungua. Nilimwaga oili yote, nikajaza oili ya gia, ile nzito kama asali ya asubuhi ya Juni kule Mbozi. Mlio ukanyamaza. Nikampa dalali Shaban aiuze, nikamwambia asitaje jina langu. Akaiuza. Sikuuliza kwa nani.

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe: "Jairo, wewe ni tapeli kama matapeli wengine, unajitia kutubu gazetini."

Ndugu yangu, sibishi. Ila subiri. Hiyo ya wiki jana nililitendea gari. Leo nasema nilivyomtendea mtu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Simu ikalia.

"Mjomba, uko wapi?"

Alikuwa Angel, binti wa dada yangu Enesi. Dada alitaka asomee ushonaji, mimi ndiye niliyebisha, nikasema huyu apelekwe chuo cha ufundi akasomee magari. Alisoma, akafaulu kuliko wavulana wote, akapata kazi kwenye duka la spea na oili la Yusuf, pale karibu na maegesho ya malori. Watu walikuwa wanatoka hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kumfuata yeye. Wauzaji wengine ukiwaambia unataka oili, wanakupa dumu na kukutakia safari njema. Angel alikuwa anakuhoji kwanza kama daktari.

"Niko gereji. Kuna nini?"

"Kuna mzee hapa anasema oili niliyomuuzia imeua injini yake. Bosi anataka kunifukuza. Nimewaambia nikuite wewe, uisikilize. Nimewaambia hivi: Mjomba akisema ni oili, nitakubali na nitaondoka mwenyewe."

"Gari gani?"

"Pikapu."

Tunduma ina pikapu nyingi. Nikachukua bisibisi yangu ndefu, nikaenda. Nilikwenda kwa majivuno kabisa. Mpwa wangu ananiita nikamtetee mbele ya watu, nani asingejivuna?

Nilikuwa bado nyuma ya malori nilipoisikia. Ko-ko-ko-ko. Fundi anajua mlio wa injini aliyoishika kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Ilikuwa ile ile.

Kando yake alisimama mzee mrefu mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Mzee Yesaya wa Itaka, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa. Aliniamkia kwa Kinyiha, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Fundi, nimefurahi wamekuita wewe," akasema. "Nimeambiwa huyu binti ni mpwa wako. Mimi nimekubali. Mtu hawezi kumwonea damu yake, ukisema amekosa nitaamini. Ukisema hana kosa, nitageuka nirudi nyumbani."

Yusuf, mwenye duka, alikuwa amekunja mikono mlangoni. "Fundi Jairo, maliza jambo hili. Tangu saa mbili wateja wanapita wanatazama kama sinema, hawanunui."

"Nielezeni kwanza," nikasema. Nilitaka muda tu.

Mzee Yesaya akaanza. "Nilikuja hapa wiki iliyopita. Nikasema, nimenunua gari kuukuu na mimi ni mkuukuu, nataka oili ya kutuzeesha pamoja."

"Na mimi nikakuuliza, Mzee," Angel akasema. "Linavuja? Ukasema hata tone. Linakula oili? Ukasema hapana. Moshi wa bluu? Hapana. Linagonga asubuhi likiwa la baridi?"

"Lilikuwa limenyamaza kama paka!"

"Basi. Gari la zamani likivuja au likigonga, sikupi sintetiki, nakwambia katengeneze kwanza. Lako ulisema zima. Nikakupa sintetiki ya magari yaliyotembea sana. Sikukupa ile nyepesi kabisa ya magari mapya. Nikakwambia Itaka kuna baridi, na oili hii inapanda haraka kwenye injini asubuhi, hailali chini kama ile nzito."

"Ulisema injini ya zamani ni kama mzee asiye na meno, inataka uji mwepesi."

"Nilisema."

"Sasa mbona uji umeniua?"

Watu wakacheka. Walikuwa wamefika kama ishirini.

Mzee Yesaya hakucheka. "Halafu ngoja, Fundi, usikie jambo lenyewe. Nilipofika nyumbani mke wangu Ruti akalisoma lile dumu. Akaniambia, Baba, neno hili sintetiki mimi nalijua, limeandikwa kwenye pakiti za nywele sokoni. Nywele za bandia! Kumbe nimeinywesha injini oili ya bandia!"

Mama mmoja aliyeuza vitumbua akashika kichwa chake. "Mzee, hizi zangu ni sintetiki, mwaka wa pili huu, hazijaua mtu."

Kicheko kikapanda hadi kwenye malori. Hata Yusuf akatabasamu. Angel peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mjomba, sikiliza injini."

Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa injini, mpini nikaubana sikioni. Wasiojua ufundi wetu, hivyo ndivyo tunavyosikiliza. Chuma kinakuletea sauti ya ndani, nyingine zote zinakaa kimya. Silinda ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu ikanipiga sikioni kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi.

Beringi ile ile. Hakuna oili duniani inayokula beringi kwa siku tano hivyo. Ilikuwa imekufa zamani. Oili yangu ya gia ilikuwa imeifunika blanketi, na oili nzuri ya Angel ililitoa lile blanketi. Ni hivyo tu.

Ningesema maneno machache: "Injini hii iliuzwa mbovu." Angel angepona. Lakini Mzee Yesaya angeuliza, iliuzwa na nani? Wangempigia Shaban. Na Shaban, mbele ya polisi, asingenificha hata dakika moja.

Dereva mmoja wa Zambia alikuwa ameinama karibu yangu, akatikisa kichwa. "Awe, bamudala. Hapana, mzee. Hiyo ni beringi."

Nikainua uso nikamkaripia. "Wewe ndiye uliyeitwa, au mimi?"

Akainua mikono akarudi nyuma. Akili zangu zilikuwa zimeshaamua kabla ya roho.

"Ni oili," nikasema.

Angel hakusikia vizuri, au alijifanya hakusikia. "Unasemaje, Mjomba?"

"Ni oili. Nyepesi mno kwa injini hii. Ilizoea oili nzito, ile nzito ndiyo iliyokuwa inailinda. Ilipoondolewa, vyuma vikasagana."

"Sikiliza tena."

"Angel..."

"Mjomba, naomba. Sikiliza mara ya pili. Silinda ya tatu. Hapo hakuna kitu?"

Aliitaja silinda yenyewe! Alikuwa ameshasikia. Alikuwa anajua, ila aliniamini mimi kuliko masikio yake. Nikaweka tena bisibisi. Nikafumba macho kama mtu anayesali. Nikahesabu moja hadi kumi, ili ionekane nimesikiliza.

"Hakuna. Ni oili."

Bado alikuwa hajakubali, nikaona mdomo wake unatafuta neno. Na hapo ndipo nilipofanya ninachokiona hadi leo nikinawa uso. Nikageukia watu, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye akili:

"Mzee amesema kweli. Sintetiki maana yake nini? Ni kitu cha kutengenezwa na watu kiwandani. Hakikutoka chini ya ardhi kama oili tuliyoizoea. Mama Ruti amesoma vizuri kuliko watu wa chuo."

Watu wakasema "Ahaa!" Walipenda sana kusikia kwamba watu wa chuo wamekosea. Na mimi nilijua watapenda. Nimeishi na hasira ya darasa la tano miaka yote hii, najua inavyouzika.

Ninajua sintetiki ni nini. Angel mwenyewe alinifundisha, gerejini kwangu, akinichorea kwa chaki. Inatengenezwa, ndiyo, na ndiyo maana inakuwa safi kuliko ile nyingine. Sikusema neno moja la uongo kuhusu neno lile. Nililichukua tu nikampiga nalo.

Yusuf akafungua mikono. "Basi, binti. Umesikia kwa mjomba wako."

Angel akavua koti la kazi la bluu. Akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama linakwenda kuuzwa. Akaliweka juu ya kaunta. Akamwendea Mzee Yesaya, akapiga goti.

"Nisamehe, Baba. Sikujua."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ujana."

Kisha akapita mbele yangu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeshaandaa na hasira ya kumjibu.

"Asante kwa kuja, Mjomba," akasema.

Nikajifanya mwema. Nikamwambia Mzee Yesaya nitamtengenezea injini mwenyewe, bila malipo ya kazi, kwa kuwa binti ni wa kwetu. Mzee akaniombea dua pale pale, amenishika kichwa, bisibisi ingali mkononi mwangu. Alimwomba Mungu awape mafundi wote moyo kama wangu. Watu wakasema amina.

Jumatano nikaifungua. Nikatoa beringi ya silinda ya tatu. Ilikuwa imelika hadi inang'aa nyekundu ya shaba, upande mmoja nyembamba kama ganda la yai. Nikaifunga kwenye karatasi, nikaitupa chooni. Nikanawa mikono kwa petroli. Nikanawa tena kwa sabuni.

Dada Enesi alinipigia mara mbili. Sikupokea.

Ijumaa asubuhi, nikiwa nimelala chini ya pikapu nafunga boliti za sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaona viatu vya Angel vimesimama pembeni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Sikutoka. Chini ya gari hakuna anayekuona uso.

"Mama anasema hupokei simu. Nikamwambia una kazi nyingi."

"Nina kazi nyingi."

"Nimekuja unifundishe."

Nikakaza boliti iliyokuwa imeshakazwa.

"Nimekaa siku tatu nafikiria, Mjomba, silali. Nilivyofundishwa chuoni na ulivyosema wewe havilingani. Sasa ama chuo kimekosea, ama mimi sikuelewa. Na wewe umefungua injini miaka thelathini. Niambie nilikosea wapi, nisije nikaua gari la mtu mwingine."

Nikatoka chini ya gari. Alikuwa amekalia tairi, ana daftari jipya mapajani, kalamu mkononi. Amekonda usoni. Siku tatu tu.

"Si lazima kuandika," nikasema.

"Nisipoandika nitasahau. Anza na oili ya gari la zamani."

Nifanye nini, wasomaji? Niambieni nyinyi mnaonitumia ujumbe. Nilisimama pale, mikono imejaa grisi, na mtoto wa dada yangu anataka kuyafuta yote aliyosoma ili aandike uongo wangu mahali pake.

Nikaanza.

"Gari la zamani... lisiwekewe sintetiki."

Akaandika. "Hata kama halivuji?"

"Hata kama."

"Hata ile ya magari yaliyotembea sana?"

"Hata hiyo."

"Liwekewe nini?"

"Nzito. Nzito kabisa."

"Uzito namba ngapi?"

"Wewe andika nzito!"

Nilipaza sauti. Akashtuka, akaandika. Mwandiko wake ni mzuri, ulionyooka, kama wa mwalimu. Niliona neno langu limekaa pale, N-Z-I-T-O, limepigiwa mstari chini. Siku moja angemfundisha mtu mwingine. Na huyo angemfundisha mwingine.

"Angel," nikasema, "ngoja kwanza..."

Bodaboda ikaingia gerejini. Nyuma yake Mzee Yesaya, koti la kijivu, amepakata dumu la lita tano kama amebeba mtoto wa kubatizwa.

"Fundi!" akaita kabla hajashuka. "Nimekuletea dawa!"

Akamwona Angel, akafurahi zaidi. "Na wewe upo, mwanangu? Vizuri sana, njoo usikie. Mimi na Ruti tumekaa jana tukakumbuka maneno ya Fundi. Alisema ile oili ya kwanza, ile nzito, ndiyo iliyokuwa inailinda injini. Si ndivyo, Fundi?"

"Ndivyo," nikasema.

"Nikasema moyoni, Yesaya, wewe ni mjinga, oili hiyo si unayo? Siku walipoimwaga kule dukani niliiomba, nikaondoka nayo, nipake nguzo za vichanja vya kahawa. Mchwa wa Itaka unawajua, wanakula kichanja na kahawa ikiwa juu. Nilikuwa nimepaka nguzo mbili tu! Ruti ameichuja kwa kitambaa cha maziwa. Safi kabisa. Imimine tena yote."

Akalitua dumu katikati yetu watatu.

Mwanadamu unapika uongo wako vizuri, unaufunika, halafu mtu mwaminifu anauamini kabisa, anautendea kazi, anakuletea mlangoni kwako kwa bodaboda.

"Asante, Mzee," nikasema haraka. "Weka pale nyuma. Nitaimimina nikimaliza."

Nikashika mpini wa dumu. Mkono wa Angel ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko.

"Ngoja, Mjomba. Kama hii ndiyo oili nzuri, basi acha niione. Umekataa kunitajia namba yake."

"Ni chafu hiyo, itakuharibia nguo."

"Nguo zinafuliwa."

Akafungua.

Aliyewahi kufungua gia boksi anaijua harufu ile. Haifanani na oili ya injini hata kidogo. Ni kiberiti na kitunguu saumu kilichooza, vimefungiwa pamoja. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua. Ikapanda ikajaa gerejini, na mimi nikashusha macho.

Angel akachovya kidole. Akasugua kwa dole gumba, polepole. Akavuta uzi wa oili ukanyooka hewani bila kukatika. Akanusa mara ya pili.

"Mzee," akasema, "hii walimwaga kutoka kwenye gia."

"Hapana, mwanangu. Gia hawakuigusa. Walifungua chini ya injini. Nilisimama pale pale nimeshika dumu hili mwenyewe."

"Mimi nilikuwa kaunta. Sikuiona ikimwagwa." Alisema hivyo taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Ningeinusa siku ile."

"Kwani ina nini? Mbona nzito vizuri?"

"Hii ni oili ya gia, Mzee. Kuna mtu aliijaza kwenye injini kabla hujanunua. Mtu anaweka hivyo kwa sababu moja tu."

"Sababu gani?"

Angel akafuta vidole kwenye kitambaa. Vyote, kimoja kimoja. Kisha akaniangalia, na ninaapa mbele yenu haikuwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Aliniangalia kama mwanafunzi aliyepata jibu lisilofanana na la mwalimu, anasubiri mwalimu aseme nani kakosea.

"Mjomba atakwambia, Mzee. Ndiye aliyeisikiliza mara mbili."

Mzee Yesaya akavuta kasha la spana, akalikalia, akaweka mikono juu ya magoti. Hakuwa na shaka yoyote usoni. Alikuwa anataka kujifunza na yeye.

Angel akarudi kwenye tairi lake. Akafungua ukurasa mpya, mweupe.

"Sema, Mjomba," akasema. "Naandika."